Mama Pacha Apumzika

Ijumaa moja asubuhi Mama Pacha alimimina chai huku akisoma daftari. Mumewe, fundi baiskeli, alimwuliza sukari iko wapi.

"Nyoosha mkono kabla ya kuuliza," alisema Mama Pacha bila kuinua macho.

Fundi akanyoosha mkono. Mapacha wao, wasichana wa miaka saba, walicheka mpaka wakapaliwa na chai. Mama Pacha hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu na shingo ilimwuma.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Muhula ulikuwa umepamba moto. Kulikuwa na insha, majaribio na mazoezi ya kufundisha. Jumatatu mkaguzi angekuja kumwona akifundisha hesabu. Akishindwa, angerudia mwaka mzima.

Na dalili hazikuwa nzuri. Jana yake darasani alikwenda mbio kama anayefukuzwa. Aliuliza swali, akalijibu mwenyewe, akauliza jingine. Mkufunzi wake alimwambia, "Mama, umewafanya wanafunzi watazamaji." Maneno hayo yalimchoma sana, na usiku alilala kwa saa tatu tu.

Jirani yao alikuja kuchukua baiskeli yake. Alikuwa mlinzi wa msitu ulio mwisho wa barabara, na mtaa mzima ulimwita Dada Miti.

"Shemeji, mkeo anaumwa?" alimwuliza fundi.

"Anasoma," alijibu fundi. "Ila siku hizi hakuna tofauti."

Dada Miti akavuta kiti. "Mwalimu, ulipumzika lini mara ya mwisho?"

"Nitapumzika nikifaulu."

"Hapo ndipo unapokosea, dada yangu. Akili iliyochoka haishiki kitu. Utasoma ukurasa huohuo mara tano na usikumbuke hata mstari."

Mama Pacha akafunga daftari. Tangu alfajiri alikuwa kwenye ukurasa uleule wa sita.

"Kesho ni Jumamosi," Dada Miti aliendelea. "Njooni msituni, nusu siku tu. Vaeni viatu vya kufunika vidole, bebeni maji. Simu mzime. Daftari libaki nyumbani. Mtembee polepole, mkae kivulini. Ukirudi utasoma kidogo, kisha ulale mapema."

Mama Pacha alikubali shingo upande.

Kesho yake hakubeba daftari. Lakini walipofika kwenye njia ya msituni, alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandaa ratiba, kama ya darasani.

"Saa nne kamili, kuvuta hewa," alisoma. "Saa nne na robo, kutazama ndege. Saa nne na nusu, kufurahi."

"Kufurahi kwa dakika ngapi?" aliuliza fundi.

"Ishirini."

Fundi akatazama pembeni ili asicheke. Dada Miti, aliyetangulia mbele, alikohoa kidogo.

Mara ndege mwenye mkia mrefu wa buluu akatua kwenye tawi la karibu. Mapacha wote wawili wakaziba macho kwa viganja.

"Mna nini tena?" aliuliza mama yao.

"Saa ya ndege haijafika," alisema mmoja.

"Bado dakika saba," alisema mwenzake.

Mama Pacha aliona aibu. Kisha akawaonea watoto wake huruma. "Tazameni, wanangu," alisema haraka. Walipofumbua macho, ndege alikuwa ameruka.

"Si kitu," alisema Dada Miti. "Tukae hapa kimya. Hakuna anayetukimbiza."

Walikaa juu ya gogo. Mwanzoni mkono wa Mama Pacha ulitafuta simu. Baadaye akasikia majani, kisha maji ya kijito, kisha pumzi zake mwenyewe. Akaegemea bega la mumewe, akalala usingizi wa pono. Alilala karibu saa nzima.

Alipoamka shingo haikuuma. Mapacha walikuwa wametulia kabisa, wakitazama ndege wawili wakidonoa njiani.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tuliona raha kukutazama," alisema fundi kwa sauti ya chini. Mama Pacha akamshika mkono.

Jioni alisoma kwa saa mbili tu, na kila alichosoma alikielewa. Akalala mapema. Jumapili akafanya vivyo hivyo.

Jumatatu mkaguzi alikaa nyuma ya darasa. Mama Pacha aliuliza swali la kwanza. Darasa zima kimya. Wiki iliyopita angelijibu mwenyewe. Sasa alivuta pumzi, akangoja. Kimya kikarefuka. Mkaguzi akashika kalamu. Mama Pacha akaendelea kungoja.

Msichana mmoja, ambaye hakuwahi kujibu swali muhula mzima, akasimama polepole. "Mwalimu, mimi najua," alisema. Akajibu, na jibu lilikuwa sahihi. Baada yake wengine wakagombania kujibu.

Mama Pacha alifaulu. Wenzake chuoni wakamzunguka.

"Tuambie, ulisoma kitabu gani?"

"Nililala," aliwajibu.

Walidhani anawaficha. Jumamosi iliyofuata aliwapeleka wanne msituni, na kabla ya saa sita wote walikuwa wanakoroma.