Waya Mwembamba wa Stata

Saa 3:40 asubuhi. Chumba cha nyuma cha duka la matairi, Keelung, mji wa bandari wa Taiwan. Mvua inapiga bati. Hsiao alichora kichochoro kwa kidole kwenye vumbi la meza.

"Mimi na Lien tunaingia kwa sonara. Dakika tatu. Kuo, unakaa kwenye usukani. Injini uizime."

"Nizime kwa nini?" Kuo ndiye fundi wao na dereva.

"Kichochoro kiko kando ya soko. Gari likinguruma pale, wauza samaki wote watachungulia."

Lien, mdogo wake Hsiao, akacheka. "Fundi mzima unaogopa gari lako litakataa kuwaka?"

Saa 5:05. Waliegesha kichochoroni. Hsiao akaenda kuchungulia duka la sonara.

"Ukikaa hivyo unafanana na askari," Lien alisema. "Katuletee supu."

Kuo aliporudi na supu, Lien alikuwa akipangusa matope magotini. "Nimeteleza, kaka."

Saa 5:20. Wakaingia.

Saa 5:23. Hsiao akatoka mbio, peke yake, begi kifuani.

"Washa!"

"Lien yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yangu. Washa!"

Kuo akazungusha ufunguo. Kimya. Akawasha taa za mbele: zikang'aa. Betri nzima. Akanyakua balbu ya kupimia, akajitupa chini ya gari, mgongo majini. Waya mnene wa stata, mota ya kuwashia injini: balbu ikawaka.

"Kaa kwenye usukani! Zungusha ufunguo!"

Waya mwembamba, unaotoka kwenye ufunguo: giza. Akaufuata kwa vidole mpaka ulipoishia. Si kutu, si panya. Koleo.

"Lien ameukata waya."

Hsiao akasema kutoka kwenye usukani: "Wiki iliyopita polisi walimkamata. Akatoka siku hiyohiyo. Sikumuuliza kitu."

Ving'ora vikasikika upande wa bandarini.

"Utaweza kuliwasha?"

"Weka gia huru. Ufunguo usiuzime."

Kuo akabana bisibisi kati ya vichwa viwili vya stata. Cheche zikamrukia usoni. Injini ikanguruma.

"Ngoja nitoke! Kaka, ngoja!"

Akasikia gia ikiingia.

"Nisamehe, Kuo."

Gurudumu la nyuma likapita juu ya goti lake. Alipiga kelele, kisha akakosa pumzi ya kupigia nyingine. Alijaribu kujivuta, mguu haukumfuata. Mvua ikamwingia mdomoni. Mbali, gari liliingia gia ya pili, laini, bila kukwama.

Buti nyeusi za polisi zikasimama karibu na kichwa chake.

"Dereva ni nani?"

Kuo akafumba macho.

"Mimi."