Chipu Isiyofaa kwa Betri Moja

Duka la spea za redio lilifurika wateja siku alipoingia kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, mkononi amplifaya ya kubeba, ndogo kama tofali.

"Dada, nataka opampu, ile chipu ya kuongeza besi. Amplifaya hii nimeiunda mwenyewe, inatumia betri moja ya volti tisa."

Muuzaji, binti wa gauni la njano na ulimi mwepesi, alimtazama akampenda papo hapo. Chipu ya umeme mdogo ilikuwa kwenye droo, karibu na goti lake. Akampa nyingine, inayotaka umeme mwingi, ambayo kwa betri moja hukoroma besi ikipanda. Mapenzi ya siku ya kwanza hayana haya!

"Ikisumbua nipigie."

"Na isiposumbua?"

"Hapo ndipo upige zaidi."

Ilisumbua. Akarudi, akauziwa kapasita. Akarudi tena, akapewa betri mpya, soda baridi na kicheko.

"Mpenzi, bado inakoroma," alilalamika kwenye simu.

"Kama wewe usingizini?"

"Umeniona wapi nimelala?"

"Nitakuona tu."

Mama mdogo wa binti, mwenye duka, alimwonya. "Mpe mtu chipu yake, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi."

"Si ya muziki tu, mama mdogo? Itangoja." Wala hakuwahi kumuuliza kijana ni ya kazi gani.

Kisha simu zikakatika. Aliporudi, shati lilikuwa limekunjamana na macho mekundu.

"Tumemzika mama. Masikio yake yalibakiza kusikia sauti nzito tu. Nilitaka asikie rekodi ya marehemu baba akimwita. Akasikia mkoromo. Akaniuliza, 'Mwanangu, baba yako amenikasirikia?' Akafa na hilo."

Binti alishika ukingo wa meza.

"Fundi mmoja pale msibani ameifungua. Anasema chipu hii na betri moja haviendani, kila muuzaji anajua. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka urudi."

"Basi nimerudi. Weka inayofaa."

Aliichomelea huku machozi yakimdondokea mikononi. Kijana akabonyeza. Sauti ya mwanamume, nzito na safi, ikajaa duka: "Mke wangu, uko wapi? Njoo basi, njoo ukae." Wateja wakageuka. Kijana akamwacha binti aisikilize mpaka mwisho.

"Mama alishaanza kukuita mkwe," alisema, akabeba amplifaya yake, akatoka.