Mkono wa Idi Katika Duka la Mwanaasha

Kila asubuhi, kabla gari la moshi halijapiga kelele stesheni, Hidaya alifagia mbele ya duka la mama yake, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, kisha akatundika kanga mlangoni moja moja. Lilikuwa duka la chumba kimoja, la udongo, katika mtaa wa soko pale Morogoro, siku zile Wajerumani walipotawala na askari wa boma wakipita barabarani na bunduki begani. Ndani mliuzwa chumvi, viberiti, shanga, kaniki na kanga. Mwenye duka alikuwa Mwanaasha, mama yake Hidaya, mjane mwenye maneno machache na macho makali.

Hidaya alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi aliiweza. Kufagia aliweza, kukunja kanga aliweza. Kilichomshinda ni kusalimu watu. Si kwamba alikuwa bubu, la! Mdomo alikuwa nao, tena mrefu. Lakini kabla hajaufungua alitazama kwanza nguo za mtu.

Akija mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, Hidaya aliinuka upesi: "Shikamoo, bwana! Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Karibu kiti." Akija mtu wa mlimani, kaniki imepauka na miguu ina tope la Uluguru, basi Hidaya aliona ghafla kazi nyingine ya kufanya. "Unataka nini?" Ndiyo salamu hiyo. Na bibi yake mzaa baba alizaliwa huko huko mlimani, akalima magimbi mpaka mgongo ukapinda! Lakini mtoto akishapata kanga mbili za kubadilisha na ndara za ngozi, mara anajiona binti sultani. Kiburi cha bure kabisa.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Dadi. Huyo naye! Yeye aliwasalimu watu wote, hata mbuzi wangekuwa na mfuko angewasalimu. Sikukuu yoyote ikikaribia, ya Waislamu au ya Wakristo, alisimama barazani akipaza sauti: "Karibu ndugu yangu, kipenzi changu, sikukuu njema, leo nina kitambaa kipya cha merikani!" Mteja akitoka mikono mitupu, Dadi alimgeuzia kisogo wala hakumuaga. Mwaka ule alikwenda mbali zaidi. Alimwomba karani wa boma amwandikie ubao wa heri ya Noeli kwa Kijerumani, akautundika juu ya mlango. Wateja wake hawakujua hata neno moja la lugha ile, na Wajerumani wenyewe hawakununua kwake hata kiberiti. Dadi alisimama chini ya ubao wake, anatabasamu. Upuuzi mtupu.

Mwaka huo Idi Kubwa iliitangulia Noeli kwa siku mbili tu. Mwanaasha aliuza bangili zake za fedha, akaagiza marobota mawili ya kanga kutoka Dar es Salaam.

"Watu wa mlimani hununua kanga wakati wa Noeli na wakati wa harusi," alimwambia Hidaya. "Zikitoka hizi, duka linabaki. Zisipotoka, nafunga mlango, twende Bagamoyo tukakae kwa mjomba wako."

Hidaya alishtuka. Bagamoyo alikwisha kwenda mara moja. Nyumba ya mjomba ilikuwa na watu tisa, na mke wa mjomba alimtuma mama yake kama mtumishi, chota maji, twanga, osha vyungu. Hidaya hakutaka kumwona mama yake hivyo tena.

Siku ya Idi, baada ya sala, mlango wa duka ulifunguliwa, lakini si kwa kuuza. Mwanaasha alitandika mkeka barazani, akaweka buli la kahawa na sinia la vitumbua. Nyuma ya nyumba majirani walikuwa wakichuna mbuzi waliyemchinja pamoja, na maskini wachache walikwisha keti uani wakingoja nyama ya kugawiwa.

"Nakwenda kumpa mkono wa Idi jirani yetu mgonjwa," mama alisema. "Wewe shika baraza. Anayekuja mpe mkono, mpe kahawa, mpe kitumbua. Usimuulize mtu leo anataka nini. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kwa masikio tu. Karani wa boma alipokuja na kanzu inayonukia udi, Hidaya alimmiminia kahawa katika kikombe kile kizuri chenye maua, akamchagulia vitumbua vilivyoiva vizuri. Karani alikunywa, akasifu, akakaa kama yuko kwake.

Mara akatokea bibi mmoja wa mlimani, kikapu kichwani, na nyuma yake wajukuu wawili. Jina lake Yuliana. Alikuwa Mkristo wa kijiji cha misheni huko juu, mkulima wa mboga, na tangu duka lilipofunguliwa alikuwa akinunua kwa Mwanaasha. Hidaya alimjua vizuri sana. Bibi yule aliondoka kwake gizani ili awahi, na umande ulikuwa umemlowesha mpaka magotini.

"Hodi hapa! Hodi wenye Idi yao!" alisema kwa furaha.

Hidaya hakuinuka. Hakusema shikamoo. Alimtazama karani, akaona aibu kuonekana anajuana na mtu mwenye kaniki kama ile, akajibu kwa pua:

"Nyama haijagawiwa, bibi. Piteni uani mkangoje na wenzenu."

Karani akacheka. Bibi Yuliana hakucheka. Aliteremsha kikapu polepole. Ndani mlikuwa na mkungu wa ndizi mbivu, magimbi yaliyooshwa yakang'aa, na kuku jike mzima aliyefungwa miguu.

"Sikuja kuomba nyama, mwanangu," alisema. "Nilikuja kumpa mama yako mkono wa Idi. Kila mwaka nakuja. Haya."

Aliweka vitu vile chini kwenye ukingo wa baraza, akajitwika kikapu kitupu, akawashika wajukuu mikono. Mdogo kati yao aliuliza, "Bibi, hatunywi kahawa?" Wakaenda zao.

Mama aliporudi akaona kuku na ndizi.

"Yuliana amekuja! Yuko wapi?"

"Ameondoka," alisema Hidaya. "Alikuwa na haraka."

"Haraka? Yuliana? Siku ya Idi?" Mama alimtazama sana, lakini wageni wengine wakaingia, na maneno yakaishia hapo. Hidaya akashusha pumzi, akajiona mjanja. Mjanja gani!

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya biashara. Tangu asubuhi watu wa mlimani waliteremka kwa makundi kununua vitu vya Noeli. Mwanaasha alikuwa ametundika kanga mpya za robota la kwanza, nyekundu na nyeusi, mpaka duka likapendeza. Kundi la kwanza lilipita. Hawakugeuka. La pili likapita pia. Mwanamke mmoja aliyezoea kununua hapo kila mwezi alitazama chini kama anayetafuta sindano, akavuka barabara. Wote waliingia kwa Dadi, wakapokewa kwa "kipenzi changu" na kuuziwa kanga zilizofifia kwa kukaa juani.

Hata saa sita ilipofika, Mwanaasha hakuwa ameuza hata doti moja. Aliketi juu ya robota, mikono mapajani.

"Nimewakosea nini watu hawa?" alisema taratibu. "Miaka minne tumekuwa pamoja. Basi. Kesho kutwa nitampelekea mjomba wako habari, aje atuchukue."

Hidaya alimwona mama yake akigusa kifundo cha mkono, mahali bangili zilipokuwa. Angeweza kunyamaza, na mama asingejua. Lakini alianza kulia, na kilio kikatoka na maneno yote: karani, kikombe chenye maua, nyama ya uani, na ule uongo wa haraka.

Mwanaasha hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga.

"Ulimpeleka Yuliana uani?" alisema. "Aliyeniletea uji siku arobaini baba yako alipofariki, ulimwambia akangoje nyama? Kwa ajili ya karani? Karani hajawahi kununua hapa hata chumvi ya hela moja! Ama kweli, mtoto wangu ni mjinga kuliko nilivyodhani."

Siku ya Noeli, mapema, walifunga duka wakapanda mlima. Hidaya alichukua kanga mbili zilizokunjwa vizuri, akaziweka chini ya kwapa.

"Hizo za nini?" mama aliuliza.

"Tukifika huko, pengine watu watataka kununua..."

"Rudisha! Unakwenda kuomba radhi au unakwenda kufungua duka? Hatubebi hata uzi. Sukari hii ni zawadi, basi."

Njia ilipanda kati ya migomba na mashamba ya magimbi, wakivuka vijito vya maji ya baridi. Ndara za Hidaya zilikatika kabla ya nusu ya safari, akazivua, akaenda peku kama watu wote wa huko. Tope likampanda mpaka magotini. Walipofika, misa ilikuwa imekwisha, na ua wa Bibi Yuliana ulijaa watu, wazee kwa vijana. Maongezi yakakatika. Ilionekana kila mmoja alikwisha sikia habari ya nyama.

"Heri ya Noeli, Yuliana," alisema Mwanaasha, akampa mkono.

"Heri yetu sote, mwanangu. Karibu," alijibu bibi, akampa kigoda. Hidaya hakupewa kitu. Alipiga magoti katika tope.

"Shikamoo, bibi. Heri ya Noeli. Nilikukosea mbele ya watu, na mama nikamdanganya. Naomba unisamehe."

"Marahaba." Bibi Yuliana alimtazama juu mpaka chini, bila huruma. "Kumbe shikamoo unaijua! Nilidhani kwenu mjini zimekwisha. Sasa sikiliza. Wewe uliwaruka watu watatu barazani kwako. Huku kwetu, aliyeruka watu katika salamu huzunguka ua mzima. Inuka, uanze na yule mzee Severini pale mlangoni. Usimruke mtu."

Hidaya alizunguka. Alimwamkia mzee Severini, ambaye ni kiziwi, ikabidi apaze sauti mara tatu, watoto wakaangua kicheko. Aliwaamkia wanawake waliompita dukani jana, mmoja mmoja, nao wakamtolea mkono wa baridi. Aliwapa mkono wale wajukuu wawili, na yule mdogo akamuuliza waziwazi, "Leo utatupa kahawa?" Hapo ndipo aibu ilipomshika kweli, maana mtoto yule hakuwa anamsuta, alikuwa anauliza tu. Salamu zilipofika kwa mtoto mchanga wa mwisho, Hidaya alikuwa amelowa jasho.

"Sasa kaa ule," alisema Bibi Yuliana.

Hidaya aliitazama sufuria kwa wasiwasi, kwa kuwa Waislamu hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Bibi aliyaona macho yake, akatoa sauti ya dharau.

"Unanifundisha mimi? Pazi, yule Mwislamu wa kijiji cha chini, ndiye amechinja kuku hawa wote alfajiri. Kila Noeli namwita, kwa sababu kila Noeli mama yako huja. Mwaka huu nilimwita ingawa sikujua kama mtakuja."

Hidaya alirudisha tonge sahanini. Mtu aliyemfanya mwombaji alikuwa amemfikiria yeye kabla hajafika, hata baada ya kutukanwa. Alilia palepale, na safari hii hakuna aliyecheka.

Jumatatu iliyofuata watu wa mlimani walishuka. Alois, mwana wa mwisho wa Bibi Yuliana, alikuwa anaoa wiki ile, na kulikuwa na harusi nyingine tatu, kwa kuwa Wakristo wale hawafungi ndoa majuma ya kungoja Noeli. Waliingia kwa Mwanaasha mpaka duka likajaa. Hidaya alisalimu kila aliyekanyaga kizingiti, akawaulizia mashamba na wagonjwa wao. Kufikia alasiri robota moja lilikuwa limekwisha na la pili limefunguliwa. Habari za Bagamoyo zikafa.

Jioni, walipokuwa wakikunja zilizobaki, Hidaya alikuwa na furaha tele.

"Mama!" alisema. "Kumbe salamu zinauza kanga! Sikukuu ijayo nitawasalimu watu wote, na Dadi atakoma!"

Mwanaasha aliacha kukunja. Akamtazama binti yake kama anavyotazama chumvi iliyochanganywa na mchanga.

"Ptuu! Mbona tumepanda mlima bure?" alisema. "Hayo ndiyo maneno ya Dadi yenyewe. Yeye naye husalimu wote, na watu wanamdharau, na haki yao. Sikiliza, Hidaya, nisije nikarudia. Sikukuu ya mtu ni yake. Unampa mkono kwa sababu kaamka mzima na wewe umeamka mzima, na mnajuana. Anunue au asinunue, ana kaniki au ana kanzu, mkono ni uleule na kahawa ni ileile. Kama leo asingekuja hata mmoja kununua, ningefunga duka hili, na Noeli ijayo ningetoka Bagamoyo kuja kumwamkia Yuliana. Wewe je, ungekuja?"

Hidaya alifungua mdomo ajibu upesi, kama kawaida yake. Kisha akaufunga. Akafikiri juu ya ile njia yenye tope na mzee Severini kiziwi, na juu ya kuku waliochinjwa kwa ajili ya wageni ambao pengine wasingekuja.

"Ningekuja, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Tutaona," alisema Mwanaasha, akampa ncha ya kanga waikunje pamoja.