Mshale Uliokwama Thelathini na Tano

Zamani zile, kabla ukumbi wa wagonjwa haujapakwa rangi mpya na mabenchi ya mbao hayajaondolewa, kliniki ya meno ya Shangazi ilikuwa na harufu mbili: mafuta ya karafuu na maji ya bahari. Karafuu ilikuwa ya meno. Bahari ilikuwa ya Hakimu.

Hakimu alikuwa samaki. Tunaanza naye kwa heshima zote, kwa kuwa yeye mwenyewe alijiheshimu mno. Alikuwa wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda mitatu myeupe, na aliishi katika tangi la kioo mbele ya mabenchi. Wagonjwa waliovimba mashavu walimkodolea macho, naye aliwatazama mmoja mmoja kana kwamba anawasomea hukumu. Bibi ndiye aliyemnunua na kumpa jina. Mwaka mmoja baada ya Bibi kufariki, kati ya samaki wake wote alibaki Hakimu peke yake.

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alipima chumvi ya tangi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa wingi wa maneno. Shangazi yake, ambaye kazi yake ilikuwa kuziba matundu vinywani mwa watu, alisema kinywa cha Chiriku ndicho pekee kilichomshinda kuziba.

Kazi yenyewe ilitaka utulivu. Alichota maji kwenye chombo chembamba kirefu, akatumbukiza kipimo cha Bibi, yaani mrija wa kioo wenye tumbo zito na shingo iliyoandikwa namba, kisha akasubiri kitulie. Chumvi ikizidi kilielea juu, ikipungua kilizama. Namba iliyotakiwa ilikuwa thelathini na tano: gramu thelathini na tano za chumvi katika kila kilo ya maji. Aliiandika katika daftari la kijani, chini ya mwandiko wa Bibi ulioinama upande mmoja kama unaosikiliza jambo.

Jumamosi moja Chiriku alichoshwa na utulivu. Mdogo wake wa miaka minane, aliyezoea kutembea mikono nyuma hata ukoo mzima ukamwita Mheshimiwa, alikuwa ameketi kwenye benchi. Chiriku akavaa koti jeupe la Shangazi, akakishika kipimo kama sindano.

"Mheshimiwa, fungua kinywa. Kuna jino la uongo humo."

"Mimi sina jino la uongo!"

"Wote husema hivyo. Fungua!"

Mheshimiwa alisahau cheo chake. Alipiga yowe, akarusha teke. Kipimo kikaruka, kikatua sakafuni, na habari yake ikaishia hapo.

Chiriku alizoa vipande kwa gazeti, akavizika chini kabisa ya pipa la taka.

"Ukisema, nami nasema nani alipiga teke," alimwonya mdogo wake.

Mheshimiwa alitafakari, akaona kesi ni mbaya kwa pande zote mbili, akanyamaza.

Siku hiyo Chiriku aliandika thelathini na tano bila kupima. Jumamosi iliyofuata pia. Namba hazikumgharimu kitu, na mwandiko wake ulizidi kupendeza.

Lakini feni ya ukumbini ilikuwa ikiyakausha maji ya tangi kidogo kidogo. Bibi alikuwa amechora mstari kwenye kioo kwa rangi ya kucha. Maji yakishuka chini ya mstari, unaongeza. Yeye aliongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji hukauka, ila chumvi haiendi popote. Wiki hizo Chiriku aliongeza kutoka ndoo iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ya maji ya chumvi. Samaki wa bahari si apewe bahari? Kipimo kingemsuta wiki ya kwanza tu. Kipimo, hata hivyo, kilikuwa pipani.

Jumamosi ya sita Hakimu hakutoka nyuma ya jiwe. Alilala ubavu, akihema haraka, na chakula kilipita mbele yake bila kuguswa. Shangazi alifungua daftari.

"Thelathini na tano, thelathini na tano... Maji hayana neno. Basi ni ugonjwa. Saa sita nikimaliza wagonjwa nitamtilia dawa. Ni kali, lakini nifanyeje? Hebu nipe kipimo nihakikishe."

Kinywa kilichomshinda Shangazi kikajifunga chenyewe. Kisha kikasema, "Kimevunjika, Shangazi. Leo asubuhi."

Mheshimiwa alitazama dari kama mtu anayehesabu buibui.

Shangazi alilifunga daftari. "Kilikuwa cha mama yangu," alisema. "Haya, si kitu, mwanangu. Nenda na Babu mkachague kingine. Msichukue cha kupendeza. Chukueni cha kuaminika."

Lile "si kitu" lilimchoma Chiriku kuliko kofi.

Babu alikuwa mfamasia mstaafu. Alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mizani yake ya zamani, pakiti ya chumvi ya jikoni na chupa ya maji safi.

"Shikamoo, mzee," alisema mwenye duka.

"Marahaba. Tunatafuta kipimo cha chumvi. Lakini kwanza tutavihoji vyote ulivyo navyo."

Mwenye duka alipanga vitatu juu ya kaunta: kisanduku cha plastiki chenye mshale ndani, kalamu ya betri yenye kioo cha namba, na kirija cha kuchungulia, ambacho unakidondoshea tone la maji kisha unakielekeza kwenye mwanga na kutazama kwa jicho moja. Babu alipima chumvi na maji polepole, midomo ikichezacheza, mpaka akaridhika.

"Haya ni maji ya ushahidi," alisema. "Jibu lake nalijua: thelathini na tano. Sasa tuone nani mkweli."

Kalamu ilisema thelathini na tatu, ikabadili mawazo, ikasema thelathini na nane. Kirija kilisema thelathini na saba. Mshale wa kisanduku ulisimama thelathini na tano barabara.

"Tumepata!" Chiriku aliruka. "Babu, hiki hakijakosea hata chembe!"

"Bado. Kiulize swali la pili."

Babu alimwaga maji ya kisanduku, akakijaza maji ya bomba yasiyo na chumvi hata kidogo. Mshale: thelathini na tano.

Mwenye duka alikohoa. "Labda mapovu, mzee." Alikigonga mara tatu. Mshale haukutikisika.

Babu hakucheka. "Niliwahi kuwa na mizani ya namna hii, nilipofungua duka langu la dawa la kwanza. Ukiweka kingi, sawa. Ukiweka kichache, sawa. Niliipenda kwa sababu hainisumbui. Siku moja akaja mteja, msichana mwenye maneno kama wewe, akaitazama, akaniambia, 'Kijana, mizani yako inakuogopa.' Ndiye bibi yako huyo." Alitabasamu peke yake, akiwa mbali na duka lile. "Aliniepusha na kuua mtu. Kipimo kilichovunjika hakina madhara, mjukuu wangu. Hiki kinachosema sawa kila siku ndicho hatari, maana watu hutoa dawa kwa kukiamini."

Chiriku aliutazama mshale, na mshale ukamtazama. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi.

"Babu," alisema. "Kipimo hakikuvunjika leo. Kina wiki tano. Zile namba zote nilizitunga."

Babu alimwangalia kwa sekunde moja tu. "Mpigie Shangazi yako."

Simu iliita bila kupokelewa. Mikono ya Shangazi ilikuwa kinywani mwa mtu. Babu alikwisha kushika kirija, akizungusha skrubu ndogo ubavuni mpaka kikasoma thelathini na tano. Akakijaribu kwa maji yasiyo na chumvi: sifuri.

"Nachukua hiki. Kilikosea, lakini kinarekebishika. Twende!"

Walifika Shangazi akiwa mbele ya tangi, chupa ya dawa mkononi, kizibo kimeshafunguliwa.

"Shangazi, usitie! Namba ni za uongo!"

Kirija kilisema arobaini na mbili. Chiriku alisimulia yote, koti, sindano, pipa na ndoo. Lile teke alilinyamazia.

Mheshimiwa akanyoosha mkono. "Teke lilikuwa langu," alisema.

Shangazi alirudisha kizibo taratibu. "Dawa hii juu ya chumvi yote hiyo ingemmaliza leo leo," alisema. Alimpa Chiriku kikombe. Kwa siku nne, asubuhi na jioni, Chiriku alitoa maji kidogo, akarudisha yasiyo na chumvi, akapima, bila haraka, ili Hakimu asishtuke. Siku ya nne jioni Hakimu alijitokeza mbele ya kioo, akawatazama wote, akala.

Ndipo Chiriku alipochukua kifutio azifute zile namba za uongo. Babu akamshika mkono, akalifunua daftari nyuma kabisa, kwenye mwandiko ulioinama. "Soma."

*Sikupima. Nilisinzia kwenye benchi, mgonjwa akaniamsha.*

Kurasa chache mbele: *Sikupima. Nimemkasirikia mume wangu, mikono inatetemeka.*

Babu alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. "Bibi yako alikosea kama sisi," alisema. "Daftari lake tuliliamini kwa sababu siku ambayo hakupima aliandika hakupima. Kosa ukilisema, mtu anaweza kulirekebisha. Ukilificha, linaendelea kukolea kama chumvi ya tangi hili, na anayeumia ni mwingine kabisa."

Chiriku alikiweka kifutio chini. Kando ya kila namba ya uongo aliandika: *Sikupima. Nilivunja kipimo nikaficha.* Mara tano, bila kufupisha. Kisha akachungulia kwenye kirija, akaandika ya siku hiyo: thelathini na tano na nusu.

Ile nusu aliiandika kwa fahari kubwa.