Talaka Ndani ya Kituturi

"Hizo unazohesabu si kura, mume wangu. Ni fulana."

Ziada aliyasema hayo bila kuinua macho kwenye cherehani, na benchi zima la kahawa likaangua kicheko. Angeyasema chumbani, hadithi hii isingekuwepo. Lakini aliyasema kibarazani, baada ya sala ya alasiri, mbele ya wanaume saba, na wanaume saba wakishika vikombe vya kahawa ni sawa na redio.

Zilikuwa zimebaki siku tisa tu nchi imchague rais. Hapo Mtanda, mjini Lindi, kwenye benchi la Likwata muuza kahawa, mbele ya kibaraza cha Ziada, uchaguzi ulikuwa umeshafanyika mara arobaini na kila upande umeshinda mara arobaini. Huku watu wa chama cha Taa, kule watu wa chama cha Kinu, birika katikati. Yahya, mumewe Ziada, fundi wa mashine za boti, alikuwa wa Taa. Chama kilimpa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba aulize nani wao, nani wa wenzao, nani anayumba.

"Nyumba themanini na mbili," alikuwa ametoka kutamba. "Sabini ni zetu. Hiyo ni tathmini, siyo porojo."

"Mbona kwenye grupu la mtaa Kinu tunaongoza?" aliuliza Hussen, kinara wa upande wa pili.

"Kwenye grupu mtu mmoja anapiga kura kwa laini tatu."

Hapo ndipo Ziada alipoingiza lile neno lake la fulana.

"Hebu fafanua, shemeji," Hussen alimchochea.

"Mnamwendea mtu na fulana mkononi, ndipo mnamuuliza atamchagua nani. Atawajibu nini? Bi Kibibi ana khanga ya Taa na khanga ya Kinu. Moja anapikia, nyingine anaendea sokoni. Yahya, umemwandika wapi?"

"Wetu."

"Na Hussen kamwandika wake. Bi Kibibi mmoja, kura mbili."

Likwata alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yahya naye alitabasamu, maana ulimi wa mkewe ndio uliomfanya ampende tangu siku ya kwanza. Lakini Hussen hakuwa amemaliza.

"Na wewe shemeji umeandikwa wapi? Juzi nilikuona kwenye mkutano wetu. Na ulipiga makofi."

"Nilikwenda kwenye mikutano yote miwili. Nimesikiliza."

"Ukaamua?"

"Nikaamua."

Hussen akamgeukia Yahya polepole.

"Sabini zako toa moja, ndugu yangu. Mtu kashindwa kuishika nyumba yake, ataushika mtaa?"

Ni maneno ya kijiweni tu, yanasemwa na kusahaulika. Yahya angeweza kucheka. Badala yake alisimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Wallahi, nasema mbele yenu nyote. Ziada akimpigia Kinu kura ya urais, nimemwacha. Talaka tatu."

Cherehani ilisimama.

---

"Yahya, unajua ulichokisema?"

Walikuwa sebuleni, mlango umefungwa. Yahya alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa mikononi.

"Hasira, mke wangu. Yule Hussen alinidhalilisha."

"Hussen kakudhalilisha, mimi ndiye naachwa?"

"Hujaachwa. Mpigie Taa tu, yaishe. Tutasahau."

"Ifute."

Yahya alimpigia simu Sheikh Khamisi na kuweka sauti kubwa, wasikie wote wawili. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akashusha pumzi.

"Neno limetoka, Yahya, na umelitoa kwa kiapo mbele ya mashahidi. Talaka ya sharti haifutwi. Sharti likitimia, imepita. Lisipotimia, mkeo ni mkeo. Na tatu, mwanangu, zisizo na kurejeana? Hata moja ya akiba hukujiachia?"

Simu ilipokatika, Ziada alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Huyu ndiye Yahya aliyesimama mbele ya dada zake wakati mimba ya pili ilipoharibika. Walimtaka aoe mwingine. Aliwajibu kwamba hatoki kwa Ziada kwa ajili ya mtoto wala kwa ajili ya mtu. Miaka saba alikuwa akimlinda kwa neno hilohilo.

"Ungeniomba," alisema. "Ungeniomba tu, labda ningekupa. Sasa umenifunga kamba kwanza, ndipo unaniomba nitembee."

Yahya alimsogelea. Alimshika mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi.

---

Siku tisa ni nyingi kwa mtu aliyenaswa. Asubuhi ya pili mama yake Ziada, Mwanahija, alipiga simu kutoka kijijini Pande. Habari ilikuwa imeshafika huko, sijui kwa basi gani.

"Mwanangu, rais ni wa miaka mitano. Mume ni wa maisha."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinizungushe. Mpigie huyo anayemtaka mumeo, ufunge mdomo."

"Na ile kura iliyomo moyoni, mama?"

"Moyoni weka. Sisi wenzako tumeweka mangapi?"

Kutoka kwa watu wa Kinu yalikuja mabaya zaidi. Hussen alimjia kibarazani mchana, Yahya akiwa kazini, anatabasamu kama mtu aliyeokota embe.

"Shemeji, tumezungumza na viongozi. Tunataka upande jukwaani Jumamosi. Mwanamke anayetishwa talaka kwa ajili ya kura, hiyo peke yake inatupa Lindi nzima."

"Nipande niseme nini?"

"Usiseme. Lia tu."

Ziada aliukata uzi kwa meno.

"Hussen, mmoja kaniweka rehani, wewe unataka kuninadi. Toka kwangu."

Alitoka, lakini mtaa haukutoka. Akienda sokoni, mazungumzo yanakatika. Akichota maji, wanawake wanamtazama kidole, kana kwamba wino umeshapakwa. Kwenye grupu mtu asiyejulikana akaweka swali: "Je, Ziada atatii? Ndiyo au Hapana." Kufikia jioni watu mia moja na arobaini walikuwa wamepiga kura juu ya kura yake. Ndiyo iliongoza. Ziada aliitazama simu ile na kujiona yuko ndani ya tenga, watu wanachungulia.

Jioni moja Yahya alimtumia ujumbe kutoka karakana, ingawa ilikuwa dakika kumi kwa miguu.

"Sili, silali. Nisaidie nisikupoteze. Nakupenda."

Aliusoma mara tatu. Akajibu: "Nami nakupenda. Nitampigia Taa."

Alimaanisha. Na niseme wazi, hata asubuhi ya uchaguzi alipofunga mtandio wake na kutoka, bado alimaanisha. Alikuwa ameshajiambia kuwa karatasi ni karatasi.

---

Foleni ya wanawake ilikuwa imezunguka ukuta wa shule. Mbele yake alisimama Saida, rafiki yake wa tangu utotoni, macho mekundu.

"Unaumwa?"

"Shaaban kaapa jana," Saida alinong'ona. "Kama wako. Talaka tatu nikimpa Kinu."

"Shaaban? Wewe na siasa wapi na wapi?"

"Sina hata habari nayo, Ziada. Lakini anasema ni dawa. Na siyo yeye peke yake. Wa nyumba ya kona naye kaapa, na yule fundi seremala."

"Nani kawafundisha?"

Saida aliinama.

"Wamemwiga Yahya. Shaaban anasema alimweleza, Yahya akacheka, akaandika jina langu, akasema hiyo nyumba sasa ni ya uhakika."

Ziada aligeukia mbele. Foleni ikasogea. Alihisi jua utosini. Alikuwa amejiandaa kumeza kiapo cha hasira, cha mtu aliyeteleza ulimi mbele ya wenzake. Hiki sasa kilikuwa kitu kingine. Kilikuwa mbinu ya kampeni. Uchaguzi ujao kingekuwa desturi, na mabinti wa Saida wangeikuta desturi hiyo imewangoja.

Alionyesha kadi yake. Akapewa karatasi. Akaingia kwenye kituturi, kile kiboksi kidogo kinachomtenga mpigakura na macho ya watu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa hakuna aliyemtazama. Alimfikiria Yahya, jinsi anavyovua viatu mlangoni na kuuliza "Bi Ziada yupo?" kana kwamba ni mgeni. Machozi yakamdondoka juu ya meza.

Kisha akaweka alama kwenye Kinu, akaikunja karatasi, akaitumbukiza kwenye sanduku. Ilikuwa saa nne na dakika chache. Alitoka pale akiwa si mke wa mtu, na aliyejua ni yeye na Mola wake.

---

Kesho yake Taa walitangazwa washindi kituoni hapo, kura mia mbili na kumi na mbili kwa mia moja na tisa. Yahya alirudi nyumbani anaimba.

"Bi Ziada yupo?"

"Nipo."

"Tumeshinda, mke wangu! Na tumemaliza na lile jambo. Maana ulinitumia ujumbe."

Alikuja kumkumbatia. Ziada alirudi nyuma hatua moja, akauvuta mtandio kichwani. Ni hatua moja tu, lakini wimbo ulimfia Yahya mdomoni.

"Ziada. Ulimpigia nani?"

"Kura ni siri."

"Siyo kwangu."

"Hata kwako."

Alitaka kusema. Wallahi alitaka. Lakini neno lenyewe lilikuwa zito, na kila alipofungua mdomo alitamani siku saba zaidi, siku moja zaidi, saa moja zaidi ya kuwa chini ya paa lile. Kudanganya hakuweza, kwa kuwa angeishi naye katika haramu. Kusema hakuweza pia. Basi akahamishia mto wake sebuleni, akaufunga mlango kwa ndani.

Yahya alimpigia tena Sheikh Khamisi.

"Hataki kusema, Sheikh. Nifanye nini?"

"Aliyekuwa ndani ya kituturi ni yeye. Neno lake ndilo tutakaloshika. Ukiwa na shaka, usimguse."

"Na asiposema maisha?"

"Basi utaishi na ulichokitega."

Siku tatu walipishana ndani ya nyumba ya vyumba viwili kama wapangaji. Watu wa Taa walikuja kumpongeza Yahya, akawaambia anaumwa. Shaaban alikuja kumshukuru kwa ile dawa.

"Mke wangu kanyooka, kaka. Umetufundisha."

"Nimewafundisha upumbavu," Yahya alimjibu. "Nenda kamwombe mkeo radhi."

Ziada aliyasikia hayo kutoka jikoni, na moyo ukamuuma upya, kwa sababu huyo alikuwa Yahya wake, amerudi, na amechelewa.

Siku ya nne, baada ya kifungua kinywa ambacho hakuna aliyekigusa, Yahya alikuja akaketi chini karibu na cherehani.

"Sikuulizi ulimpigia nani."

"Unauliza nini?"

"Siku ile ulisema umesikiliza mikutano yote miwili ukaamua. Uliamua kwa nini?"

Ziada aliacha kushona.

"Mimba zangu mbili ziliharibika, Yahya. Taa waliahidi bandari, wewe ukasikia boti. Kinu waliahidi daktari wa kina mama kila wilaya, mimi nikasikia wanangu. Huenda wanadanganya wote. Lakini katika nchi nzima mtu mmoja alisimama juu ya jukwaa akataja kitu changu."

Yahya alikuwa akilia bila kujificha.

"Ungeniambia, ningekupa na kura yangu."

"Ulipita nyumba themanini na mbili ukiuliza. Hii hukuuliza."

"Nimeuliza leo."

"Ndiyo. Umeuliza leo."

Wakatazamana. Akamwona anaomba kwa macho, anaomba neno moja dogo tu, na yeye ndiye aliyelishika. Akavuta pumzi.

"Niliipa Kinu. Saa nne asubuhi, siku ileile. Ulipokuja unaimba, nilikuwa nimeshakuwa mtu baki."

Yahya alifumba macho.

"Ungenidanganya, Ziada. Nani angejua?"

"Wewe ningekudanganya. Wa juu je? Nakupenda, Yahya, ndiyo maana sikukudanganya. Nisingeweza kulala na wewe huku najua ni haramu, wewe hujui."

Yahya akainuka, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la nguo la Ziada, akaliweka chini taratibu kama kitu cha kuvunjika. Akachukua simu na kupiga Pande. Ziada alisikia sauti ya mama yake ikiita jina la mkwewe kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmepatana?"

"Ziada anakuja kwako na basi la saa nane. Atakaa eda huko." Sauti ilimkatika, akaitafuta. "Mama, watu watakuja kukwambia mengi. Watasema mwanao kachagua chama, kaacha mume. Usiwasikilize. Mimi ndiye niliyemtoa, tena kwa mdomo wangu, mbele ya watu, na nitasema hivyo benchini leo hii. Yeye hana kosa. Mpokee vizuri."

Upande wa pili mama akaanza kulia.

Ziada alikuwa amelikunja gauni moja mara nne bila kulimaliza. Siku ya kituturi alidondosha machozi mawili matatu tu, na tangu hapo hakulia tena. Sasa alikaa sakafuni kando ya sanduku, akalia kwa sauti, naye Yahya akasimama hatua tatu kutoka kwake, hana ruhusa ya kumgusa.