Yupo Lakini Hayupo

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Lakini tangu bibi yake afariki, maneno yalimwisha na mwili ndio ukawa hautulii. Asubuhi alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Darasani macho yake yalizunguka: dirishani, mlangoni, dirishani.

"Neno la leo," mwalimu wa Kiingereza alisema, akaandika ubaoni: *detached*. "Nani analijua?"

"Nyumba iliyojitenga, isiyoungana na nyingine," alijibu msichana wa mbele.

"Vizuri. Na mtu je? Mwamuzi wa mpira akiwa hivyo, tunamsifu, kwa sababu haegemei upande wowote. Lakini mtu anaweza kuwa *detached* hata na maisha yake mwenyewe. Yupo, lakini hayupo."

"Kama Chiriku!" mvulana mmoja alidakia.

Darasa likaangua kicheko. Chiriku naye alicheka, ila alihisi kama anamcheka mtu mwingine.

Alasiri mama yake, fundi cherehani, alikunja gauni la mteja. "Nampelekea hapo jirani. Mwangalie mdogo wako, pasi bado ina moto."

"Ndiyo, mama," Chiriku aliitikia. Sauti yake ilimfikia kama inatoka chumba cha pili. Alimwona mtoto akitambaa. Aliuona mkono mdogo ukinyooka kuelekea pasi. Aliona yote kama picha iliyotundikwa ukutani, mpaka kilio kikamgutusha.

Mama alirudi mbio. "Ulikuwa wapi, wewe?"

"Hapa hapa, mama."

"Hapa hapa, na mwenzio anaungua!"

Kwenye zahanati, muuguzi alifunga vidole vya mtoto. "Ashukuriwe Mungu, ni juu juu tu." Kisha akautazama mguu wa Chiriku uliokuwa ukitikisika bila kukoma. "Na wewe mwanangu, hujambo?"

"Sijambo," alisema, akasita. "Hapana. Leo tumefundishwa neno moja la Kiingereza, nikajiona mimi. Nipo, halafu sipo. Tangu siku bibi aliponiangukia mikononi. Niliita na kuita, nyumbani hakukuwa na mtu. Na sasa hatumtaji tena."

Mama aliketi taratibu. "Nilinyamaza nisikuumize."

"Na mimi nilinyamaza usilie, mama."

Wakalia wote wawili, mtoto akiwashangaa.

Muuguzi aliwapangia kuonana na mshauri kila wiki. Nyumbani walianza kumtaja bibi, hata vituko vyake vya kugombana na redio. Kidogo kidogo usingizi ulimrudia Chiriku, na maneno nayo yakarudi, mpaka mama akaanza kumwomba anyamaze.

Siku ya kufungua bandeji ya mtoto, muuguzi alimwita Chiriku kando.

"Mtu akipatwa na jambo zito, akili hujitenga ili isiumie. Huo si wazimu, wala si uzembe. Ila ikizoea kukaa kando, hata hatari iliyo mbele yako hutaijali. Jeraha la mkono kila mtu huliona, mwanangu. La moyoni halitoki damu. Usipolisema, nani atalifunga?"