Tundu Nyuma ya Televisheni

Kila jioni akitoka shule, Futi alikuwa na kazi tatu kabla ya kufungua daftari: kufua soksi zake, kuzoa majivu ya jana kwenye meko ya sebuleni, na kuingiza kuni kavu kutoka banda la nyuma. Futi halikuwa jina lake la cheti. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na tangu akiwa mdogo mtoto huyo alipenda kutembea na futi ya mama yake shingoni, akipima kila kilichosimama, hata mbwa wa jirani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limeshamganda.

Walikuwa wamehamia nyumba hiyo miezi miwili iliyopita, baada ya baba, karani wa idara ya maji, kupewa uhamisho kwenda mji wa milimani wenye baridi ya kutafuna masikio. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya matofali, na sebuleni kulikuwa na kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: meko yaliyojengwa ndani ya ukuta, yenye dohani ya kupandishia moshi hadi juu ya paa. Bibi, mama yake baba, aliyapenda meko yale siku ya kwanza. Kaka yake Futi, aliyekuwa sekondari na asiyeweza kukosa mechi, hakuwa na habari na meko. Yeye aliuliza tu soketi iko wapi, televisheni ipate pa kukaa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sebule ilikuwa moja na vitu vya kutazamwa vilikuwa viwili.

Baba alianza kwa kuitundika televisheni juu ya meko. Bibi alivumilia siku mbili, kisha akasema, "Mwanangu, nikitazama taarifa ya habari shingo inaniuma kama nachuma mapapai." Siku ya tatu mama aligusa mgongo wa televisheni akarudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama pasi. Ikashushwa.

Kaka akaipeleka ukuta wa pili, ng'ambo ya meko. Sasa wanaotaka mpira walikaa wakitazama huku, wanaotaka moto wakatazama kule, wamepeana migongo kama abiria waliogombana. Mama alivumilia wiki nzima. "Nimechoka kuongea na visogo," akasema. "Mpeni Futi. Si ndiye mwenye kipimo?"

Futi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipima kuta, milango na makochi, akachora sebule yote kwenye daftari la hesabu, akakata vipande vya karatasi kuwa viti na kuvisogezasogeza kwenye mchoro. Mwisho aliiweka televisheni kwenye kona, upande wa kulia wa meko, juu ya kabati fupi, mbali kidogo na joto. Kochi refu likatazama meko, kochi fupi likakaa ubavuni, na kiti cha bibi kikawa karibu na moto, kimegeuzwa kidogo. Mtu aliweza kutazama moto au televisheni kwa kugeuza macho tu. Baba alikaa, akageuza macho kushoto, akageuza kulia, akasema hajaona sebule kama hiyo. Kichwa cha Futi kikavimba siku tatu.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Katika kona ile, chini ya ukuta, nyuma ya kabati, kulikuwa na tundu lenye ukubwa wa tofali, limewekewa wavu wa waya upande wa nje. Upepo ukivuma lilipiga mluzi. "Huyo ni refa amepuliza filimbi au ni ukuta wako?" kaka aliuliza katikati ya mechi, na wote wakacheka, isipokuwa Futi.

Alikumbuka vizuri kwamba siku ya kupewa funguo, mama mwenye nyumba alilielekezea kidole tundu lile na kusema, "Hili msilizibe." Baba wakati huo alikuwa akijaribu kitasa cha mlango wa nyuma, mama alikuwa akiingiza cherehani. Aliyesikia ni Futi peke yake, naye hakuelezwa sababu. Aliona ni masharti ya wenye nyumba tu, kama kukatazwa kupigilia misumari. Basi akachukua sweta lake la zamani, akalishindilia ndani ya tundu, akasukuma kabati likalifunika kabisa.

"Ule mluzi umeishia wapi?" baba aliuliza jioni ile.

"Labda upepo umegeuka, baba," Futi akajibu, na baba akarudi kwenye gazeti lake.

Baada ya siku chache mambo yakaanza kwenda kombo, nayo yalianza kwa bibi. Jioni moja alikunywa chai, akaweka kikombe chini, kisha akauliza mbona yeye peke yake hajapewa chai. Kesho yake alimwita Futi "dada" na kumsimulia habari za shamba kana kwamba anaongea na dada yake aliyefariki zamani. Jioni nyingine aliinuka kwenda kulala, akakutwa amesimama stoo kati ya magunia, anatafuta kitanda.

Wengine nao hawakuwa wazima sana. Kila jioni vichwa viliwauma. Mama alisema ni macho, ameshona mno. Kaka alisema ni mitihani. Baba alisema ni televisheni. Kila mtu alikuwa na sababu yake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi.

Kilichomchanganya Futi ni kwamba asubuhi bibi alikuwa mzima kabisa. Akishaota jua kibarazani kwa muda wa saa moja hivi, alisahihisha hesabu za kaka kwa kichwa, bila kalamu, na kumcheka pia. Bibi wa asubuhi na bibi wa jioni walikuwa kama watu wawili, na Futi hakuelewa huyu wa pili anatoka wapi. Walilala chumba kimoja tangu Futi akiwa mtoto mchanga. Sasa alikuwa akimtazama akisinzia na kujiuliza ataamka akiwa nani.

Jumanne baba alizungumza na shangazi kwenye simu, kisha akawaita wote sebuleni. Alisema uzee umeanza kumvuruga bibi akili, na kwamba Jumamosi atampeleka kwa shangazi, ambako kuna hospitali kubwa na mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Atakaa huko moja kwa moja.

Bibi alikuwa amesikia kila neno. "Kama nimeanza kupotea," alisema polepole, "nilitaka nipotee mbele yenu."

Baba aliinamisha kichwa, lakini hakubadili uamuzi. Futi alitoka nje akalia nyuma ya banda la kuni.

Siku iliyofuata alikata shauri kutafuta mwenyewe. Kama baba alisema kweli na ni televisheni inayoumiza vichwa, basi labda kiti cha bibi kiko karibu nayo mno. Akakisogeza hatua moja, karibu zaidi na moto. Jioni ile bibi alikuwa hoi kuliko siku zote. Alhamisi umeme ulikatika mchana, ukarudi watu wameshalala. Televisheni haikuwaka hata dakika moja, walikaa na mwanga wa moto tu, na bado bibi alimwita "dada", na bado kaka alishika kichwa. Kumbe si televisheni. Basi ni nini? Futi alizidi kuvurugikiwa.

Ijumaa mvua ilivuja bandani ikalowesha kuni, mama akashindwa kuwasha meko. Walijifunika mablanketi, wakatazama televisheni jioni yote. Bibi alifuata habari kuanzia mwanzo hadi mwisho, akabishana na baba kuhusu bei ya saruji, akashinda. Hakuna aliyeumwa kichwa.

Futi alimfuata mama jikoni. "Mama, ni moto," alisema. "Tukiwasha moto ndipo bibi anachanganyikiwa. Leo hatukuwasha."

Mama aliacha kuosha sahani. Alitazama ukuta kwa muda, akihesabu siku kimoyomoyo. "Sijui ni nini," alisema, "lakini kesho kabla ya basi la bibi tutamwita fundi aone ile dohani."

Jumamosi asubuhi fundi mwashi alifika na burashi ndefu na tochi. Begi la bibi lilikuwa tayari mlangoni, na bibi mwenyewe amekaa amevaa koti, mikono mapajani.

"Shikamoo, bibi," fundi alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Tazama upesi, mimi ni msafiri."

Fundi alichungulia dohani, akasugua, akachungulia tena. "Safi," alisema, akakuna kichwa. Akawasha gazeti ndani ya meko. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, kisha sehemu yake ikarudi na kutambaa sebuleni. "Ajabu. Dohani ni nzima, lakini moto huu unakosa hewa ya kuvuta. Nyumba za namna hii hujengewa tundu la hewa chini ya ukuta. La hapa liko wapi?"

Baba alizunguka chumba kwa macho. "Fundi, sijawahi kuona tundu hapa."

"Basi walisahau. Nitarudi wiki ijayo nitoboe." Fundi alianza kukunja burashi yake. Baba alitazama saa. Basi lingeondoka saa nne.

Futi alilitazama kabati. Akinyamaza, fundi atarudi, atatoboa tundu jipya, na hakuna mtu atakayejua chochote. Lakini bibi atakuwa ameshaondoka, na wote watabaki wakiamini kwamba akili zake zimekwisha. Baba aliinama kushika begi.

"Lipo," Futi alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno, hakuna aliyegeuka. Akapiga moyo konde. "Baba, tundu lipo. Nililiziba mimi."

Alianza kulivuta kabati peke yake, kaka akaja kumsaidia. Akaingiza mkono ukutani, akatoa sweta lililojaa vumbi. Hewa baridi ikaingia papo hapo na kuwapiga miguuni. Fundi aliwasha gazeti jingine, na safari hii moshi ukapanda moja kwa moja bila kuangalia nyuma.

"Sikilizeni," fundi alisema, akaweka burashi chini. "Moto ukikosa hewa hutoa gesi ya sumu. Haina harufu wala rangi, huwezi kuijua kwa pua. Inaingia kwenye damu. Kichwa kinauma, mtu analegea, akili inahama. Wazee na watoto huwahi kuzidiwa. Nimewahi kuitwa nyumba ambamo watu walikutwa wamekaa kwenye makochi yao, wamekufa. Mkiumwa kichwa wote mbele ya moto, msikae mkijadili. Tokeni nje kwanza, mwite msaada, kisha mwende hospitali."

Mama alikwenda akafungua madirisha yote.

"Ulijua halitakiwi kuzibwa?" baba alimwuliza Futi.

"Nilijua. Mama mwenye nyumba alisema. Sikujua sababu." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Na uliponiuliza nikakwambia upepo umegeuka. Nilikudanganya, baba."

Baba aliliweka begi chini, akamlipa fundi na kumsindikiza nje. Aliporudi aliwapeleka wote zahanati. Daktari aliwapima, akamwuliza bibi maswali mengi, akasema fundi ameona sawasawa. Bibi aliandikiwa arudi kuangaliwa tena wiki inayofuata, lakini akili yake ilikuwa timamu. Wakati wanatoka, basi la saa nne lilikuwa limeshakwenda zake, na kaka alikuwa kwenye simu akimweleza shangazi kwa nini mgeni wake hafiki.

Jioni walikaa mahali pao pa kawaida. Dirisha liliachwa wazi kidogo, na hakuna aliyelalamikia baridi. Futi alikaa sakafuni karibu na miguu ya bibi, hathubutu kumtazama mtu.

Baba ndiye aliyeanza. "Mama, nisamehe. Nilikuona huwezi tena, nikaamua bila wewe."

"Hukuniuliza hata kama kichwa kinaniuma," bibi alisema. "Ungeniuliza, ningekwambia kinaniuma kila jioni. Nilidhani ndiyo uzee wenyewe, nikanyamaza. Kwa hiyo na mimi nina kosa langu." Kisha akamwekea Futi mkono kichwani. "Na wewe mjukuu wangu, kuziba tundu kulitokana na kutokujua, na asiyejua hufundishwa. Kosa lako kubwa ni lile jibu. Mtu akikuuliza, mpe ukweli, hata kama jambo lenyewe ni dogo kama mluzi wa ukutani. Hujui ataamua nini akishalishika jibu lako. Baba yako angejua tundu limezibwa, asingefunga begi langu."

"Niliogopa," Futi alisema.

"Leo hukuogopa?"

"Leo niliogopa zaidi."

"Na ukasema. Basi hivyo ndivyo inavyofanywa."

Wakakaa wakitazama moto, kisha habari, kisha moto. Baada ya muda Futi aliinua uso.

"Bibi, kichwa kinakuuma?"

"Hapana."

"Kweli?"

"Kweli," bibi alisema.